Fleti ya Kustaafia: Kagua Daftari la Jengo Kabla ya Rangi ya Ukuta

Mafao ya mkupuo huingia mara moja, na dalali huwa wa kwanza kupata habari. Kabla pesa haijatulia benki utakuwa umeshatembezwa Kigamboni, Mbweni au Njiro, ukionyeshwa sebule pana na jiko la vigae. Bei utatajiwa. Hutaambiwa nani anawasha pampu ya maji alfajiri, wala analipwa kutoka mfuko gani. Kwa anayeishi kwa pensheni hilo ndilo swali la kwanza, maana bei ya fleti unamalizana nayo siku ya kuuziana, lakini jengo utaendelea kulilipia kila mwezi uliobaki wa maisha yako.

Hapa Tanzania vijiji vya wastaafu bado si desturi. Makazi ya wazee ya serikali, kama Nunge kule Kigamboni au Kolandoto mkoani Shinyanga, ni ya wazee wasio na mtu wa kuwatunza; si mahali pa kununua chumba. Mwenye akiba kidogo anabaki na njia tatu: nyumba yake mwenyewe, kupanga, au fleti.

Nyumba yako haina ada ya mwezi. Lakini mlinzi unamlipa peke yako, bomba likipasuka ni lako, na paa ulilolipanda mwenyewe ukiwa na miaka 60 utamlipa kijana alipande ukiwa na 75. Kupanga kunakuachia mtaji wako, ila wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na siku yoyote mwenye mali anaweza kumleta mwanawe aliyeoa. Fleti inagawanya mlinzi mmoja, paa moja na pampu moja kwa familia nyingi. Hapo ndipo nafuu yake ilipo, na nafuu hiyo ipo tu kama majirani wanalipa.

Kisheria uko salama kuliko zamani. Sheria ya mwaka 2008 kuhusu umiliki wa sehemu za jengo inampa mnunuzi hati ya sehemu yake, na wamiliki wote kwa pamoja wanakuwa na chama cha kusimamia ngazi, paa, uwanja wa magari na vinginevyo vya pamoja. Wenzetu wa Kenya walifuta sheria yao ya 1987 na kutunga nyingine mwaka 2020. Sheria ipo, basi; chama chenyewe ndicho mara nyingi hakipo, au kipo ndani ya kundi la WhatsApp tu.

Uendeshaji wa jengo utaukuta wa aina tatu.

Aina ya kwanza, aliyejenga bado anasimamia. Mwanzoni inapendeza: kila kitu kipya, ada ndogo. Udogo huo wa ada una sababu, kwani bado anauza, na ada ndogo inauza. Muulize kitu kimoja: fleti ambazo hazijapata wateja, yeye anazilipia ada? Kama hazilipii, ninyi mlionunua mnalinda na kufagia mali yake bure. Uliza pia kura zinahesabiwaje, kwa fleti au kwa ukubwa wa eneo, kwa sababu mwenye nusu ya jengo anaweza kuwapitishia ada mpya mkiwa mmekaa kwenye viti vyenu mnatazama.

Aina ya pili ni kampuni ya usimamizi. Inajua kudai, ina mafundi, na haioni haya kumwandikia barua mzee wa watu anayedaiwa miezi minane. Gharama zake zilizojificha ni nyingi. Kampuni iliyosajiliwa VAT inaongeza kodi hiyo juu ya malipo yake, na mara nyingi bei unayotajiwa mdomoni haijaijumuisha. Kisha tazama inalipwaje. Ikilipwa asilimia ya matumizi, inapata zaidi kila inapotumia zaidi, na mtashangaa jinsi milango inavyohitaji kupakwa rangi. Dai kiwango maalumu kwa mwezi, mkataba wa mwaka mmoja, na akaunti ya benki iwe kwa jina la chama cha wamiliki, isiwe kwa jina la kampuni. Kampuni ikiondoka, pesa zibaki.

Aina ya tatu ni kamati ya wakazi wenyewe. Hii ndiyo rahisi zaidi mfukoni, na jengo lenye wastaafu lina hazina: humo utamkuta mhasibu wa zamani wa halmashauri, fundi umeme aliyetumikia shirika miaka thelathini, mwalimu mkuu anayejua kuendesha kikao. Wana muda. Kasoro yake ni kuoneana haya. Nani atamgongea mlango Mzee Fulani, waliyeswali naye Ijumaa au kuimba naye kwaya Jumapili, amwambie anadaiwa laki tatu? Kasoro nyingine ni mwenyekiti asiyekubali kuondoka. Kamati nzuri ina ukomo wa vipindi kwenye katiba yake, na mtu wa kukusanya pesa asiye mkazi, hata kama ni karani wa siku mbili kwa mwezi.

Sasa tupige hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano wa kukokotolea; badilisha uweke za jengo unalolitazama.

Jengo lina fleti 24, ada ni shilingi 60,000, hivyo kwa mwezi zinatakiwa 1,440,000. Wamiliki sita hawalipi: mmoja yuko nje ya nchi, mwingine ana kesi ya mirathi, wanne wamezoea tu. Zinapatikana 1,080,000. Ili kazi zifanyike zote, wale 18 waaminifu inabidi walipe 80,000 kila mmoja. Kwa hiyo ada halisi ya jengo hilo ni 80,000, hata kama karatasi inasema 60,000. Ndiyo maana orodha ya wadaiwa ina thamani kuliko picha za dalali. Na hakikisha fleti unayonunua haimo kwenye orodha hiyo; pata barua ya chama inayosema haina deni, kabla ya kulipa.

Mfano wa pili unawakwaza wengi. Jengo A, nalo la fleti 24, linatoza 40,000 kwa mwezi. Jengo B, lenye fleti na huduma zilezile, linatoza 60,000 kwa sababu 20,000 inakwenda kwenye mfuko wa akiba. Mstaafu hukimbilia A. Baada ya miaka mitano paa la kila jengo linahitaji matengenezo ya shilingi milioni 36. Huko A hakuna akiba, kila fleti inadaiwa 1,500,000. Ukijumlisha na ada za miezi 60 umetoa 3,900,000. Huko B mfuko umefika milioni 28.8, pengo ni milioni 7.2, kila fleti inaongeza 300,000. Jumla yako ni 3,900,000 vilevile. Jumla haijatofautiana hata shilingi. Tofauti ni kwamba huko A milioni na nusu inatakiwa ndani ya wiki chache, na wale waliozoea kutolipa ada hawataitoa. Paa litavuja mwaka mwingine, na mwenye fleti ya juu ndiye atakayeweka ndoo.

Chukua B.

Umeme unastahili jicho kali. Uliza kama kila fleti ina mita yake ya LUKU. Mteja wa nyumbani aliyemo kundi la matumizi madogo, wastani wa uniti 75 au pungufu kwa mwezi, hulipa kama shilingi 122 kwa uniti pamoja na makato. Wa kundi la kawaida hulipa kama 356. Bibi anayeishi peke yake na kutumia uniti 60 angelipa 7,320 kwenye mita yake mwenyewe ikiwa kwenye kundi la matumizi madogo. Kwenye mita moja ya jengo zima, uniti zilezile zinamgharimu 21,360. Kumbuka pia kwamba tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, hivyo penye mita ya pamoja muulize mhazini kodi hiyo inagawanywaje.

Ngazi nazo zinakula. Balbu 20 za zamani za wati 60, zikiwaka saa 12 kila usiku, zinamaliza uniti 432 kwa mwezi, kama shilingi 154,000. Taa za LED za wati 9 kwa saa hizohizo ni uniti 65, kama 23,000. Kamati ambayo haijabadilisha balbu haijakaa kupiga hesabu zake, na ukitembelea jengo usiku mara moja utajua mwenyewe. Pampu ya kilowati moja na nusu inayofanya kazi saa mbili kwa siku ni kama 32,000 kwa mwezi, kiasi kinachovumilika. Jenereta ndiyo ya kuogopa: lita ya dizeli hutoa takriban uniti tatu, hivyo lita ikiwa shilingi 2,800, uniti moja inapita 900. Kwa jengo lisilo na lifti, betri na paneli ndogo za sola kwa taa za ngazi na geti zinatosha. Jenereta iwe ya pampu tu, kama lazima.

Lifti? Hapa wengi watanipinga. Mguu wa miaka 70 unaitaka, kweli. Lakini lifti ina mkataba wa matengenezo wa kila mwezi hata isipoharibika, vipuri vyake huagizwa nje, na ikifa mnasubiri. Badala ya kulipia lifti miaka ishirini, nunua ghorofa ya chini katika jengo la ghorofa tatu lisilo nayo. Kagua vitu viwili tu: kama maji taka huwa yanarudi chooni shimo likijaa, na kama madirisha yana nondo. Ghorofa ya chini hupigwa vumbi na kelele za watoto, sawa. Bei yake mara nyingi huongeleka kwa sababu hiyohiyo.

Kwenye maji, tanki kubwa lina thamani kuliko kisima. Visima vingi vya Dar es Salaam karibu na pwani vina chumvi, na chumvi hula koki na hita. Uliza kisima kinatumika kwa kufulia na bustani tu au kwa kila kitu, na maboza ya maji hununuliwa mara ngapi wakati wa mgawo. Boza linaloingia kila wiki ni ada ya pili ambayo haikutajwa.

Ulinzi ndio kawaida hubeba sehemu nono ya bajeti, na ndiko kwenye udanganyifu wa bei. Geti moja saa 24 ni saa 168 kwa wiki. Sheria ya kazi inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, kwa hiyo geti hilo linahitaji karibu watu wanne, au watatu wenye malipo ya saa za ziada. Jengo linalojisifu kuwa na walinzi wawili tu usiku na mchana limeficha deni la kazi. Mkiajiri wenyewe mnaongeza michango ya NSSF, ambayo jumla ni asilimia 20 na mwajiri hubeba angalau nusu yake, mfuko wa fidia asilimia 0.5, na likizo ya siku 28. Kampuni ya ulinzi inaonekana ghali kwa sababu imeyajumuisha hayo; angalia tu kama imeyajumuisha kweli, au mlinzi wenu halipwi miezi miwili na ndiyo maana anauza maji ya boza kwa jirani.

Gharama ndogondogo usizidharau: amana ya kuhamia, faini ya kuchelewa, stika ya gari la pili, ada ya kubeba makabati kwenye ngazi. Dai zote ziwe kwenye karatasi moja.

Msimamo wangu ni huu. Jengo la fleti zisizozidi kama 30, lisilo na lifti: kamati ya wakazi, mtunza jengo mmoja wa mshahara, karani wa nje wa pesa. Likiwa kubwa kuliko hapo au lina lifti: kampuni, kwa mkataba wa mwaka, akaunti ya chama, watia saini wawili wa kamati. Jengo lililo mikononi mwa aliyejenga, lisilo na tarehe iliyoandikwa ya kukabidhi, liache hata kama bei ni tamu. Kama una shaka na muda unakubana, panga fleti humohumo miezi sita kwanza. Hiyo kodi ni ndogo kuliko kuuza kwa hasara.

Kabla ya kutoa arbuni, omba nakala nne: katiba ya chama, kumbukumbu za mkutano mkuu wa mwisho, taarifa ya benki ya miezi 12, na orodha ya wadaiwa. Ukiambiwa “mhazini amesafiri”, msubiri arudi. Pesa yako ibaki benki hadi siku hiyo.