Kwa Nini Nguo ya Kuogelea Hulegea?

Nguo ya kuogelea ikizeeka, mara nyingi huanza kulegea kabla haijachanika. Mikanda huteleza mabegani, kitambaa huning'inia nyuma, na ukiivuta kuelekea dirishani unaona vinyuzi vyeupe vimechomoza. Hivyo ni mabaki ya spandeksi.

Spandeksi ilibuniwa na mkemia Joseph Shivers katika kampuni ya DuPont, Marekani, mwaka 1958. Wengi wanaijua kwa jina la biashara, Lycra. Uzi wake huvutika hata mara tano ya urefu wake, ukiachiwa hurudi. Ndani ya molekuli zake mna vipande laini vilivyojikunja, na vipande vigumu vinavyovishika visitawanyike. Ukivuta, vile laini hunyooka. Ukiachia, hujikunja tena. Klorini ya bwawani huzishambulia molekuli hizo na kuzikatakata, na kilichokatika hakina tena nguvu ya kurudi. Joto, jua na mafuta ya kujipaka humalizia kazi.

Basi anayefanya mazoezi bwawani kila asubuhi akinunua mchanganyiko wa nailoni asilimia 80 na spandeksi 20, ambao umejaa madukani kwa kuwa ni laini na hushika mwili vizuri, atarudi dukani mapema. Yeye atafute kwenye lebo neno poliesta pamoja na herufi PBT. Hiyo PBT ni ya ukoo wa poliesta, ila hunyumbuka yenyewe bila msaada wa spandeksi, kwa hiyo klorini haina pa kuuma. Ni ngumu kidogo mwilini, na wapenda urembo huilalamikia. Lakini hudumu. Tena poliesta hufyonza unyevu kidogo sana, karibu asilimia 0.4 ya uzito wake, ilhali nailoni hufikia 4 hivi.

Baharini hesabu hubadilika. Kule Paje, Unguja, wanaovutwa na tiara juu ya mawimbi wakati wa kusi na kaskazi hawana shida ya klorini. Adui zao ni mchanga, ubao, matumbawe na jua. Hapo nailoni hustahili heshima yake, maana huvumilia kusuguliwa kuliko nyuzi nyingi. Mikono ya nguo iwe mirefu, na lebo isome UPF 50, yaani kitambaa hupitisha sehemu moja tu kati ya 50 ya mionzi ya jua inayochoma ngozi. Fulana ya pamba, ambayo wengi huingia nayo, ikilowa huwa nzito na hupitisha mionzi zaidi.

Ukitoka majini, suuza nguo kwa maji yasiyo na chumvi wala klorini, usiikamue kwa kuisokota, na uianike kivulini. Anayependa jakuzi ya hotelini aingie na nguo kuukuu: maji ya moto yenye klorini huila spandeksi upesi kuliko bwawa la kawaida.