Usalama Hauendi Likizo: Safari ya Baraka Mwezi wa 9

Ndugu mfanyakazi, umepata likizo. Mama amefunga mizigo, watoto wanataka kuona ziwa. Safari njema! Lakini kofia ya kazi ikibaki ukutani, akili ya usalama usiiache pamoja nayo.

NJIANI. Mwezi wa 9 kiangazi kinaisha na mvua zinaanza. Fizi iko juu mlimani, asubuhi kuna baridi: chukua sweta za watoto. Baraka iko chini, ufukoni: chukua chandarua, maana mvua inaleta mbu. Njia ya udongo inateleza. Uliza habari za njia kabla ya kutoka, uondoke mapema, usije ukalala porini.

ZIWANI. Mwezi wa 12 wa mwaka 2014 meli Mutambala ilipinduka katika Ziwa Tanganyika. Upepo ulikuwa mkali, na watu walikuwa wengi kupita kiasi. Zaidi ya 100 walikufa. Basi, ukiona boti imejaa, shuka. Nauli ikipotea, utaipata tena mwisho wa mwezi. Mtoto akipotea, hutampata. Kila mtu avae jile ya kuelea, si kuikalia. Mawingu yakiwa meusi, ngoja.

MAJI YA KUNYWA. Kutoka Uvira mpaka Kalemie, kipindupindu ni mgeni asiyeaga. Maji ya ziwa yanang'aa, lakini vijidudu havionekani kwa macho. Chemsha maji mpaka yatokote, au tia klori. Nawa mikono kwa sabuni. Bugali na mikebuka mle vikiwa moto.

Mtu akihara maji yanayofanana na maji ya mchele, usingoje kesho: mpeleke kituo cha afya mara moja. Njiani mnyweshe kidogo kidogo dawa hii: maji safi litri 1, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu kijiko kidogo. Vijiko viwe sawasawa, visijae kupita. Mtoto wa ziwa aendelee kunyonya.

KUOGA. Penye maji yaliyotulia na majani mengi kuna konokono wa kichocho. Ugonjwa huo unapita katika ngozi. Watoto wasicheze humo; waoge nyumbani kwa maji yaliyochemshwa yakapoa.

Ndugu, kila jioni mgodini tunahesabu watu wanaotoka. Likizo ikiisha tutahesabu tena. Tunataka hesabu itimie: wewe, mama, na watoto wote.