Ndege Ikiwa Ardhini: Ulinzi wa Viwanja vya Ndege, Kutoka Moshi hadi Helmand

Ndege ya vita iliyo angani ina silaha mbili zisizoonekana: kasi yake na kimo chake. Inapotua hupoteza zote mbili kwa mara moja. Chombo ambacho dakika chache kabla kilikuwa hakifikiki sasa huwa kitu kikubwa, chepesi, kilichojaa mafuta, na kisichoweza kujiokoa. Kwa hiyo kila jeshi lenye ndege limelazimika kujibu swali moja: je, ndege italindwaje ikiwa chini?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa mifano miwili. Mfano wa kwanza ni wa mwaka 1916, katika nyanda zilizo chini ya Mlima Kilimanjaro. Wa pili ni wa vita vya Afghanistan vya karne hii. Katika mifano yote miwili Waingereza walikuwa miongoni mwa wenye ndege, na viwanja vinavyohusika vilikuwa katika kimo kinachokaribiana. Itaonekana kwamba sheria za fizikia ndizo ziamuazo ukubwa wa kiwanja, na ukubwa wa kiwanja ndio uamuao ugumu wa kukilinda.

NDEGE ZA KWANZA CHINI YA KILIMANJARO

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Moshi ilikuwa mwisho wa reli ya Wajerumani iliyotoka Tanga. Upande wa pili wa mpaka, Waingereza walianza kujenga reli yao kutoka Voi kuelekea Taveta, kupitia Maktau na Mbuyuni. Doria za Wajerumani zilivuka mpaka mara kwa mara na kulipua reli kwa baruti. Ndege zilizokuja baadaye zilitegemea reli hiyo kwa mafuta, vipuri na chakula cha marubani. Basi tangu mwanzo ulinzi wa kiwanja haukuweza kutenganishwa na ulinzi wa njia iliyokilisha.

Mwaka 1915 ndege chache za Jeshi la Wanamaji la Uingereza ziliwekwa Maktau. Mwisho wa Januari 1916, Kikosi cha 26 cha jeshi la anga la wakati huo, ambacho wengi wa watu wake walitoka Afrika Kusini, kilishuka Mombasa na kwenda kupiga kambi Mbuyuni. Tarehe 12 Februari Waingereza walishambulia kilima cha Salaita wakashindwa. Mwezi uliofuata, chini ya Jenerali Smuts, walipigania vilima vya Latema na Reata, wakaingia Moshi katikati ya Machi, na tarehe 21 Machi wakapigana Kahe. Viwanja vya ndege vilihama pamoja na jeshi.

Ndege kuu ya kikosi hicho iliitwa BE2c. Ilibeba watu wawili, injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 90, na kasi yake ya juu haikufika kilomita 120 kwa saa. Kimo chake cha juu kabisa kilikuwa kiasi cha mita 3,000. Kwa kulinganisha, kituo cha Horombo, ambapo wapanda mlima hulala, kiko mita 3,720, na kilele cha Kibo ni mita 5,895. Ndege hizo, basi, hazikuweza kuuruka Mlima; ziliuzunguka.

Adui wa ndege hizo zikiwa chini hakuwa askari peke yake. Mbavu zake zilikuwa za mbao, na ngozi yake ilikuwa kitambaa cha kitani kilichopakwa vanishi ili kikaze. Jua la mchana hukausha mbao na kuzipinda. Unyevu wa usiku huzivimbisha na kulegeza gundi. Mchwa hazihitaji maelezo kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Bawa lililopinda kidogo tu hubadili njia ya hewa inayopita juu yake, na rubani hujua hivyo akiwa ameshaondoka ardhini. Ndiyo maana ndege za aina ya Henri Farman zenye mifupa ya chuma, zilizoletwa baadaye, zilifaa zaidi kwa nchi hizi.

Kisha masika yakaanza. Udongo mweusi wa nyanda za chini ulipolowa ukawa tope lililoshika magurudumu, na barabara zikakatika. Mbu wakazaliana katika madimbwi. Katika vita vyote vya Afrika Mashariki maradhi yaliwaangusha askari wengi zaidi kuliko risasi, na malaria ilikuwa miongoni mwa maradhi makuu. Fundi mwenye homa hawezi kukaza waya wa bawa. Ndege isiyo na fundi ni sawa na ndege iliyochomwa moto.

Gharama kubwa kuliko zote ililipwa na wapagazi wa Kiafrika. Makumi ya maelfu kati yao walikufa kwa njaa na maradhi. Katika Dar es Salaam jina la Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, ni kumbukumbu yao.

HEWA NYEPESI NA NJIA NDEFU

Kwa nini kiwanja kiwe kikubwa? Jibu liko katika hewa yenyewe. Kani inayoinua ndege hutokana na hewa inayopita kwenye mabawa. Kani hiyo hulingana na densiti ya hewa, na pia hulingana na kipeo cha pili cha kasi ya ndege. Hewa ikiwa nyepesi, ndege haina budi kukimbia zaidi ndipo iinuke.

Densiti ya hewa hutegemea mambo mawili: kanieneo na halijoto. Kadiri mtu apandavyo kutoka usawa wa bahari, kanieneo hupungua. Kadiri hewa ipatavyo joto, hutanuka na kuwa nyepesi. Densiti hupatikana kwa kugawa kanieneo, katika paskali, kwa zao la 287 na halijoto katika kelvini.

Tuchukue Moshi, ambako kiwanja kidogo cha ndege kiko kiasi cha mita 850 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya kawaida katika kimo hicho ni karibu paskali 91,500. Mchana wa nyuzi 30 za Selsiasi ni kelvini 303. Hesabu yatoa densiti ya kilogramu 1.05 kwa mita ya ujazo. Kipimo sanifu cha usawa wa bahari, katika nyuzi 15, ni kilogramu 1.225. Hewa ya Moshi mchana huo imepungukiwa na asilimia 14.

Upungufu huo si mdogo. Ili kuinuka, ndege yenye uzito uleule itahitaji kasi iliyozidi kwa asilimia 8 hivi. Umbali wa kukimbia hulingana na kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo huongezeka kwa asilimia 16. Tena injini nayo huvuta hewa hiyohiyo nyepesi, ikapoteza sehemu ya nguvu yake, na mchapuko wa ndege ukapungua. Mambo yote yakijumlishwa, njia ya kurukia hurefuka kwa theluthi moja au zaidi. Kiwanja cha Kimataifa cha Kilimanjaro, kilichofunguliwa mwaka 1971 katika kimo cha mita 894, kina njia ya mita 3,600. Marubani wa mwaka 1916 walikuwa na dawa nyingine ya tatizo hili: kuruka alfajiri, kabla jua halijaifanya hewa kuwa nyepesi, na kupunguza mzigo.

Matokeo yake ya kivita ni dhahiri. Ndege inayohitaji njia ndefu haiwezi kufichwa. Imefungwa mahali pamoja panapojulikana na kila mtu, rafiki na adui.

JANGWA LA HELMAND

Katika jangwa la mkoa wa Helmand, kusini mwa Afghanistan, Waingereza walijenga kuanzia mwaka 2006 kambi kubwa iliyoitwa Camp Bastion. Uwanja wake ulikuwa katika kimo cha karibu mita 900, yaani kimo kilekile cha Kiwanja cha Kilimanjaro. Lakini joto la kiangazi huko hufika nyuzi 45. Kwa halijoto hiyo densiti ya hewa hushuka hadi karibu kilogramu 1 kwa mita ya ujazo, upungufu wa zaidi ya asilimia 18. Helikopta za Chinook zilizobeba askari na majeruhi zililazimika kupunguza mzigo, na njia mpya ya kurukia ya kambi hiyo ilizidi kilomita 3.

Kulinda viwanja vya namna hiyo ni kazi ya askari maalumu. Mei 1941 Waingereza waliupoteza uwanja wa Maleme katika kisiwa cha Krete kwa askari wa miavuli wa Ujerumani, na kwa uwanja huo wakakipoteza kisiwa kizima. Funzo hilo liliwafanya waunde, tarehe 1 Februari 1942, rejimenti ya jeshi lao la anga ambayo kazi yake ni kupigana ardhini kwa ajili ya viwanja. Rejimenti hiyo ndiyo iliyopelekwa Kandahar na Camp Bastion.

Kazi yao inafahamika vizuri kwa hesabu ya duara. Roketi ndogo ya milimita 107, ambayo mtu aweza kuiegemeza juu ya mawe na kuifyatua, huruka kiasi cha kilomita 8. Anayetaka kuizuia hana budi kuangalia duara lenye nusukipenyo cha kilomita 8, yaani eneo la kilomita za mraba 201. Uzio wenye nusukipenyo cha kilomita 2 huzingira eneo lisilofika kilomita za mraba 13. Nusukipenyo kikizidishwa mara nne, eneo huzidi mara kumi na sita, lakini idadi ya askari haizidi hivyo. Kandahar ilionyesha ukweli wa hesabu hii Oktoba 2005, roketi zilipoangukia uwanja huo na kuteketeza ndege moja ya Kiingereza ya aina ya Harrier iliyoegeshwa, na kuharibu nyingine.

Hatari ya pili ni ya mtu anayeingia kwa miguu. Usiku wa tarehe 14 Septemba 2012, wapiganaji 15 wa Taliban waliovaa sare za jeshi la Marekani walikata uzio wa Camp Bastion. Walichoma ndege 6 za Marekani za aina ya Harrier na kuua askari 2 wa Kimarekani. Askari wa Marekani na wa rejimenti ya Uingereza walipigana nao kwa saa kadhaa. Wavamizi 14 waliuawa na 1 akakamatwa. Uchunguzi uliofuata ulibainisha kwamba si minara yote ya ulinzi iliyokuwa na walinzi usiku ule.

Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuliona jambo kama hilo. Julai 1976, makomando wa Israeli waliovamia Entebbe waliziharibu ndege za kivita za Uganda aina ya MiG zikiwa zimeegeshwa, ili zisiwafuate. Ndege zilizonunuliwa kwa fedha nyingi za umma ziliteketea bila kuruka hata moja.

UZIO NA JIRANI

Tukiweka mifano hii pamoja, twaona kwamba uzio hulinda sehemu ndogo tu ya kile kinachopaswa kulindwa. Nje yake kuna mashamba, malisho, visima na vijiji. Walinzi wa Kandahar na Bastion walitumia muda mwingi wakitembea vijijini na kuzungumza na wazee, kwa kuwa mwenyeji ndiye ajuaye kama mgeni amepita usiku akiwa na mzigo mzito. Hakuna darubini inayoweza kuchukua nafasi ya jirani anayekubali kusema. Lakini jirani huyo naye ana hesabu yake. Akisema, aweza kuuawa na upande mmoja. Akinyamaza, upande wa pili humshuku. Kiwanja kilichojengwa karibu naye, bila yeye kuulizwa, kimeileta vita mlangoni pake.

Waingereza waliondoka Camp Bastion Oktoba 2014, na mwaka 2021 Taliban waliichukua nchi nzima pamoja na viwanja vyake. Nguvu ya angani haikuweza kudumu bila ridhaa ya ardhini. Wapagazi wa mwaka 1916 na wanakijiji wa Helmand wametenganishwa na karibu miaka mia moja, lakini kila ndege iliyoruka katika nchi zao iliwategemea watu hao, na majina yao hayakuandikwa ubavuni mwake.

MAZOEZI KWA WANAFUNZI

1. Pima halijoto ya hewa shuleni pako saa 12 asubuhi na saa 8 mchana. Ukichukulia kwamba kanieneo haikubadilika, tafuta ni kwa asilimia ngapi densiti ya hewa imepungua. Je, rubani wa mwaka 1916 alikuwa na sababu ya kuamka mapema?

2. Askari 400 wanalinda duara lenye nusukipenyo cha kilomita 2. Tafuta idadi ya askari watakaohitajika kwa nusukipenyo cha kilomita 8 iwapo kila mmoja ataangalia eneo lilelile kama mwanzo. Eleza kwa nini hakuna jeshi linaloweza kulitatua tatizo hili kwa kuongeza askari peke yake.

3. Wazee wa kijijini wana habari gani za reli, kambi au viwanja vya vita vya zamani? Ziandike, ukitaja mahali na kazi iliyofanywa na wenyeji.