Kitunguu Saumu Hakitambui Sumu ya Uyoga

Kila mvua zinapokolea na sherehe zikikaribia, swali huwa lile lile: nikichemsha uyoga wa porini pamoja na kitunguu saumu, nacho kisibadilike rangi, si naweza kuwapakulia wageni? Hapana. Siku hizi swali linakuja na nyongeza. Noma, mkahawa wa Copenhagen uliofunguliwa mwaka 2003, ulipata sifa duniani kwa kuwaandalia wageni wachache uyoga, majani na matunda ya mwituni, kisahani baada ya kisahani. Basi kwa nini Kabanga yetu ya mkoani Kigoma, katika nchi ya miombo, isiandae karamu ya namna hiyo? Iandae, tena kwa fahari. Ila mapishi ya namna ile husimama juu ya wachumaji wanaoujua kila uyoga kwa sura yake kabla haujafika jikoni, si juu ya kipimo cha sufuriani.

Vipimo hivyo vya sufuriani vimekwishaua watu, na sioni sababu ya kuviongelea kwa upole. Kitunguu saumu kikigeuka kijani au samawati, hiyo ni kemia yake chenyewe. Hugeuka hivyo hata ndani ya siki pasipo uyoga wowote. Kijiko cha fedha hupiga weusi kwa salfa, na yai lililo salama kabisa lina salfa. Mchele uliochemshwa pamoja na uyoga nao hauambii mtu kitu. Konokono na funza hula bila kudhurika uyoga unaomuua binadamu, kwa hiyo tundu la mdudu si cheti. Sumu mbaya kuliko zote, amatoksini, haivunjwi na kuchemsha, kukausha juani, chumvi wala ndimu. Haina uchungu pia. Waliopona wamesema uyoga ule ulikuwa mtamu. Mlaji hulala salama, kisha baada ya saa 6 hadi 24 huanza kutapika na kuhara. Hali hiyo hutulia siku moja hivi, jamaa wakashukuru, kumbe wakati huo ini linaendelea kuharibika. Kikombe cha maziwa hakiwezi kuirudisha sumu iliyokwisha kufika huko.

Nitajibiwa kwamba wazee wamekula uyoga miaka yote bila vitabu. Kweli, lakini hawakula kwa kubahatisha na kitunguu. Mama anayechuma kila msimu anajua uyoga upi huota chini ya mti upi, baada ya mvua ipi, na huutazama hadi shinani. Ujuzi huo ndio ambao Marja Härkönen na Tuomo Niemelä kutoka Finland, pamoja na Leonard Mwasumbi wa hapa nchini, waliuheshimu katika kitabu chao cha uyoga wa Tanzania cha mwaka 2003. Na jamaa wa Amanita wanaonyesha kwa nini kanuni ya mkato haipo. Amanita masasiensis na Amanita tanzanica huliwa hapa nchini, ilhali katika jenasi hiyo hiyo wamo wauaji wakubwa. Wengi wao hutoka ndani ya kifuko kama ganda la yai, kinachobaki ardhini ukikata shina kwa kisu. Kwa hiyo chimbua, usikate. Uyoga wa kichuguu una mzizi mrefu unaozama hadi kwenye kiota cha mchwa; unaofanana nao juu ya ardhi lakini hauna mzizi huo, na ambao kofia yake ikilazwa usiku juu ya karatasi nyeupe huacha unga wa kijani, utawatapisha wageni wote.

Kwa sherehe basi: nunua kwa mchumaji mzoefu anayewalisha wanawe uyoga huo huo, aina moja tu, mzima na shina lake. Pika uive, weka mmoja mbichi pembeni. Kama hakuna mchumaji wa kuaminika, pika uyoga wa kupandwa aina ya mamama, na visahani vingine vijazwe dagaa wa Kigoma, migebuka, mawese, ndizi na asali. Nawa mikono kwa sabuni: wageni 63 waliougua Noma Februari 2013 waliangushwa na norovirusi, kirusi kinachopita mikononi, wala si na uyoga. Mtu akianza kutapika saa nyingi baada ya karamu, mpeleke hospitali papo hapo pamoja na ule uyoga mbichi, na uwapeleke wote waliokula naye, hata wanaosema hawaumwi.