Hesabu za duka Garsen: Kompyuta ya kaunta au ERP ya mtandaoni?

Una duka Garsen, na rekodi zote ziko kwa kompyuta moja chini ya kaunta. Mto Tana ukifurika tena, kama msimu wa El Nino wa 2023, mashine ikilowa utajuaje nani ana deni lako?

ERP ya mtandaoni huweka mauzo, stoo na mishahara mbali na maji. Unaingia hata kwa simu. Lakini hulipiwa kila mara, na intaneti nayo hukatika. Mei 12, 2024, nyaya za baharini zilipokatika, mtandao ulizorota nchini.

Kwa hivyo usihame kwa fasheni. Muulize muuzaji: Nitauza bila mtandao? Inaunganika na eTIMS ya KRA? Nikiacha kulipa, nitapata rekodi zangu?

Akisita, baki na ya zamani, ila jitumie nakala kwa baruapepe kila jioni.