Idadi ya Sensa na Vigawo Vyake

Mwanafunzi wa Magole, wilayani Kilosa, aliyehesabiwa katika sensa ya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, 2022, ni mmoja kati ya watu 61,741,120. Hiyo ndiyo idadi ya watu wa Tanzania iliyotangazwa mjini Dodoma tarehe 31 Oktoba mwaka huo. Wapangaji wa maendeleo huitumia kukadiria madarasa na zahanati. Sisi tutaitazama kama namba nzima tu, na kuuliza: imeundwa kwa vigawo gani?

Mwanzo ni mwepesi. Namba hii huishia na sifuri, kwa hiyo yagawanyika kwa 2 na kwa 5. Na ukiendelea kuikata nusu kwa nusu utaona kwamba 2 imo mara sita. Igawanye basi kwa 64 × 5, yaani 320, upate 192,941.

Kwa 7 iko njia ya kupima bila kugawanya. Chukua mafungu ya namba yetu kama mikato inavyoyatenga: 61, 741 na 120. Jumlisha la kwanza na la tatu, upate 181. Toa 181 katika 741, zibaki 560. Kwa kuwa 1,001 ni zao la 7, 11 na 13, namba nzima hugawanyika kwa mojawapo ya hizo iwapo tu 560 yagawanyika kwayo. Basi 7 imo. 11 na 13 hazimo.

Sasa 192,941 ÷ 7 = 27,563, na hapa ndipo penye kazi. Namba tasa zote kuanzia 11 hadi 41 huacha baki, na asiye na subira hudhani kuwa amekwisha kufikia namba tasa. Ajaribu moja zaidi: 27,563 = 43 × 641. Kwa hiyo:

61,741,120 = 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 5 × 7 × 43 × 641

Hiyo 641 ina historia yake. Mnamo mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat, mwanasheria kwa kazi yake, alichukua 2 kwa vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16, akaongeza 1 kila mara. Alipata 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote namba tasa. Akaamini kwamba inayofuata, ya kipeo cha 32, yaani 4,294,967,297, ni tasa pia. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kuwa ni 641 × 6,700,417. Baadaye alithibitisha kwamba kila kigawo tasa cha namba hiyo lazima kizidi kigawe cha 64 kwa 1. Basi za kujaribiwa ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Majaribio matano tu!

Je, Tanzania ina uhusiano gani na Fermat? Hauko. Tuseme mtoto mmoja zaidi angehesabiwa Magole usiku ule. Idadi ingekuwa 61,741,121. Namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja isipokuwa 1. Kwa hiyo 2, 5, 7, 43 na 641 zingetoweka zote kwa mpigo. Rudia kipimo cha mafungu: 61 + 121 = 182, na 741 − 182 = 559, ambayo yagawanyika kwa 13. Namba hiyo mpya ni 13 × 41 × 115,837, na hiyo ya mwisho ni tasa.