Neno "Green" na Maana Zake

Leo twapenda kulichungua neno moja la Kiingereza ambalo kila mwanafunzi hulijua tangu siku zake za kwanza za kujifunza lugha hiyo. Neno lenyewe ni "green". Ukimwuliza mtoto wa shule maana yake, atakujibu mara moja, "Kijani." Atakuwa amejibu sawasawa, lakini amejibu nusu tu. Nusu iliyobaki ndiyo iwezayo kumtia hasarani mkulima, seremala na mwuza ngozi, kwa sababu wao hulikuta neno hili katika barua na hati za biashara, mahali ambapo huenda pasiwe na rangi ya kijani hata kidogo.

Kwanza tutazame asili yake. Neno "green" ni la ukoo mmoja na neno "grow", maana yake kuota au kukua, na neno "grass", maana yake majani. Basi tangu zamani neno hili halikutaja rangi peke yake. Lilitaja mmea ulio hai, wenye maji ndani yake. Nasi katika Kiswahili tulifanya vivyo hivyo. Kijani hutokana na jani, na mara nyingi twaongeza neno tukasema kijani kibichi. Hata lile neno la zamani, chanikiwiti, limeundwa kwa njia hiyo: chani ni jani, na kiwiti ni kibichi kwa matamshi ya watu wa pwani ya kaskazini. Mwingereza na Mswahili hawakuulizana, lakini wote wawili walipotaka jina la rangi hii waliutazama mmea.

Kwa kuwa asili ni hiyo, Mwingereza husema "green" kwa mambo ya namna mbili: rangi ya kitu, na hali ya kitu ambacho bado hakijaiva, hakijakauka, au hakijatengenezwa. Hali hiyo sisi twaiita ubichi. Angalia kuni. Mti uliokatwa jana waweza kuwa na gome jeusi na moyo mwekundu, lakini Mwingereza ataziita kuni zake "green", nasi twasema kuni mbichi. Mbao nazo ni hivyo hivyo. Seremala akiandikiwa kwamba mbao alizoagiza ni "green", asidhani kwamba zimepakwa rangi. Ameambiwa kwamba hazijakauka, na kwamba akiziunga zikawa mlango leo, zitasinyaa na kupinda, na mlango utafanya nyufa kabla mwenye nyumba hajamaliza kulipa.

Vivyo hivyo ngozi iitwayo "green" ni ngozi mbichi, jinsi ilivyochunwa, isiyotiwa chumvi wala kuanikwa. Ngozi hiyo ni nzito kwa sababu ya maji yaliyomo, kwa hiyo bei ya ratili moja ya ngozi mbichi si sawa na bei ya ratili moja ya ngozi kavu. Tofali liitwalo "green" ni lile lililofinyangwa na kuanikwa, ambalo halijachomwa katika tanuru. Laweza kuwa jekundu kama udongo wake, na bado ni "green".

Lakini jambo lihitajilo uangalifu zaidi ni kahawa. Wakulima wa Kilimanjaro, ambao mwaka 1933 waliunda chama chao kikuu cha ushirika ili wauze kahawa yao kwa umoja, na wakulima wote wa zao hili, mali yao huitwa "green coffee" katika masoko ya dunia. Asiyejua atadhani kwamba mnunuzi ataka matunda mabichi. Sivyo kabisa. Tunda la kahawa huchumwa likiwa limeiva na kuwa jekundu. Kisha huondolewa nyama yake, punje huoshwa, huanikwa, na mwisho hukobolewa. Punje ile iliyokobolewa, ambayo haijakaangwa, ndiyo iitwayo "green". Rangi yake kweli ina ukijani kidogo, lakini jina lataka kusema kwamba haijapata moto. Mtu akilifasiri neno hili kwa haraka, akachuma matunda machanga, ataharibu ladha ya kahawa yake, na mnunuzi atamlipa kidogo.

Sasa tugeuze jambo hili upande wa pili. Mwanafunzi aliyekwisha jua kwamba "green" ni mbichi aweza kudhani kwamba kila kibichi ni "green". Hapo pana shimo. Nyama mbichi kwa Kiingereza ni "raw meat". Mwanafunzi akiandika "green meat", msomaji ataiona nyama iliyooza na kuota ukungu, wala hatakubali kuila. Mayai mabichi pia ni "raw", na samaki mbichi, kwa maana ya asiyekaushwa, ni "fresh". Neno letu mbichi ni pana. Waingereza wameligawa kati ya maneno mengi, nayo "green" imechukua fungu lake tu.

Tena, maana zile mbili zaweza kugombana katika kitu kimoja. Machungwa ya nchi zetu za joto mara nyingi huiva ganda likiwa bado la kijani. Kwa rangi chungwa hilo ni "green". Kwa hali yake si "green", maana ni tamu na tayari kuliwa. Mnunuzi wa nchi ya baridi, aliyezoea machungwa ya manjano, aweza kulikataa kwa sababu ya neno tu.

Kutoka kwa mimea neno hili limehamia kwa wanadamu. Kijana aliyeingia kazini jana, asiyejua hili wala lile, huitwa "green". Sisi twasema bado ni mchanga. Mtu wa namna hiyo huitwa pia "greenhorn", na zamani jina hili lilimtaja ng'ombe dume mchanga ambaye pembe zake ndiyo kwanza zaota. Lakini uzee wa mtu ukiitwa "green", hiyo ni sifa: maana yake mzee huyo bado ana nguvu na uhai, kama mti ambao haujakauka. Basi neno lile lile humcheka kijana na kumsifu babu yake.

Waingereza husema pia kwamba mtu amekuwa "green" kwa husuda, kana kwamba rangi ya uso wake imebadilika. Sisi hatukuitazama rangi. Tuliyatazama macho, tukaiita husuda hiyo kijicho. Afasiriye maneno haya asiandike kwamba mtu amekuwa wa kijani. Aandike kwamba ana kijicho, na kila mtu atafahamu.

Yako na matumizi mengine. "Greens" ni mboga za majani. "Village green" ni uwanja wa majani katikati ya kijiji cha Kiingereza, ambapo watu hukutana na kucheza. "Green light" ni taa ya ruhusa, ingawa haikuwa hivyo siku zote: taa ya barabarani iliyosimamishwa London mwaka 1868 ilitumia kijani kwa kuwaonya watu waende kwa hadhari. "Green belt" ni ukanda wa mashamba na miti unaouzunguka mji ili nyumba zisienee kupita kiasi. Huko Kenya, mwaka 1977, Wangari Maathai alianzisha kazi ya kupanda miti iliyochukua jina hilo, Green Belt Movement, na mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Siku hizi neno "green" hutumika pia kwa kila kazi inayojaribu kuhifadhi ardhi, maji na hewa.

Je, yako maneno mengine yawezayo kushika mahali pa "green"? Yako, lakini kila moja lina mahali pake. "Emerald" ni kijani king'aacho kama zumaridi. "Olive" ni kijani kilichofifia, kama zeituni. "Verdant" husemwa juu ya nchi iliyojaa majani mabichi baada ya mvua, wala hakuna asemaye hivyo juu ya kofia au rangi ya mlango. Ukitaka kutaja hali, utasema "unripe" kwa tunda lisiloiva, "unseasoned" kwa mbao zisizokauka, na "inexperienced" kwa mtu asiyezoea kazi.

Basi, mwanafunzi, na wewe uliyepokea barua ya biashara, ukilikuta neno hili usikimbilie kuandika kijani. Jiulize kwanza: je, mwandishi ataja rangi ionekanayo kwa macho, au ataja hali? Ikiwa ni hali, jiulize tena: kitu hiki kinangoja nini? Tunda langoja kuiva, ubao wangoja kukauka, tofali na punje ya kahawa vyangoja moto, na kijana angoja kufundishwa. Ukikijua kinachongojwa, utalijua na neno la Kiswahili lifaalo, wala hutauza mali yako kwa kufahamu nusu ya neno.